Jinsi ya kuandaa historia ya timu ya NFL bila kuchanganya miaka: mfano wa Green Bay Packers

Ukitafuta idadi ya mataji ya Green Bay Packers, timu ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani), utakuta mahali pamoja pameandikwa 13, pengine 4, na pengine 15. Utasoma kwamba Super Bowl (mechi kuu ya mwisho wa msimu) ya kwanza waliitwaa 1966, kisha mwandishi mwingine aseme 1967. Katika hizo zote ni 15 tu iliyo kosa. Zilizobaki ni sahihi kila moja kwa kipimo chake, ila mwandishi hakukitaja. Anayeandaa makala, kipindi cha redio au maswali ya chemshabongo kuhusu futiboli ya Marekani ana kazi hiyo hasa: kujua kila namba imepimwa kwa kanuni za wakati gani, na kumwambia msomaji.

Packers wanafaa kujifunzia kwa sababu hawajawahi kuhama Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Huna haja ya kuhangaika na swali la Cardinals, waliotoka Chicago wakaenda St. Louis, halafu Arizona. Mitego mingine karibu yote utaikuta hapa.

Jedwali kabla ya sentensi

Usianze kuandika. Fungua jedwali lenye safu nane: msimu, tarehe ya mechi, mpinzani, uwanja na mji, matokeo, aina ya mechi, kocha mkuu, maelezo. Safu mbili za kwanza zisiunganishwe hata kama zinaonekana kurudiana. Katika "aina ya mechi" tumia maneno manne tu: msimu wa kawaida, mtoano, fainali, kirafiki. Jina la mpinzani liandike lilivyokuwa siku ile. Waliofungwa na Packers kwenye fainali ya 1936 ni Boston Redskins. Mwaka uliofuata walikuwa Washington, na leo wanaitwa Commanders. Portsmouth Spartans ndio Detroit Lions wa leo, na jina hilo wanalo tangu 1934. Jina la sasa liweke kwenye maelezo.

Kabla hujajaza chochote, zoea mpangilio wa rekodi. Kwenye msimamo wa soka tunasoma ushindi, sare, kufungwa. Wamarekani wanaandika ushindi, kufungwa, sare. Kwa hiyo 10-3-1 ni ushindi 10, kufungwa 3, sare 1. Aliyezoea Ligi Kuu hugeuza mbili za mwisho bila kujua, na kosa hilo haligunduliki mpaka mtu ajumlishe msimu mzima.

Msimu na mwaka

Ligi huanza Septemba na humalizika Januari au Februari ya mwaka unaofuata. Msimu hupewa jina la mwaka ulipoanzia. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, na hakuna mfano mzuri kuliko mwaka 1967. Tarehe 1 Januari 1967 Packers waliwafunga Dallas Cowboys 34-27 kwenye fainali ya NFL. Tarehe 31 Desemba 1967 wakawafunga Dallas Cowboys tena, 21-17, kwenye fainali ya NFL. Ni mwaka mmoja wa kalenda na mpinzani yule yule, lakini ni fainali mbili za misimu miwili. Ya kwanza ni ya msimu wa 1966, ya pili ya msimu wa 1967. Ukiandika "fainali ya 1967 dhidi ya Dallas" bila kufafanua, nusu ya wasomaji watafikiria mechi usiyoikusudia.

Ile ya Desemba ndiyo maarufu kwa jina la Ice Bowl. Ilichezwa Green Bay kwenye baridi ya nyuzi 13 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani takriban 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Angalia unapogeuza: ukisahau alama ya kutoa, nyuzi 13 za Farenhaiti zinakuwa kama 10 tu chini ya sifuri za Selsiasi, na mechi inapoteza sababu ya kukumbukwa. Kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) Bart Starr alifunga tachidauni ya ushindi mwenyewe, yaani alifikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, zikiwa zimebaki sekunde 13.

Kwa Super Bowl kuna njia ya mkato isiyoshindwa. Chukua namba ya Super Bowl, jumlisha 1965, unapata msimu. Super Bowl I ni msimu wa 1966, II ni 1967, XXXI ni 1996, XLV ni 2010. Hizo nne ndizo walizoshinda Packers: 35-10 dhidi ya Kansas City Chiefs, 33-14 dhidi ya Oakland Raiders, 35-21 dhidi ya New England Patriots, na 31-25 dhidi ya Pittsburgh Steelers. Zote zilichezwa Januari au Februari ya mwaka uliofuata msimu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mtego wa nyongeza ambao vitabu vya Marekani havitakuonya. Super Bowl XLV ilichezwa Arlington, Texas, Jumapili tarehe 6 Februari 2011 jioni. Kwetu ilikuwa yapata saa nane na nusu usiku, tayari Jumatatu tarehe 7. Anayeandika kwa kutegemea alivyoitazama hupeleka mbele tarehe kwa siku moja. Andika tarehe ya uwanjani daima.

Mataji ya kabla ya fainali

Hapa palipe muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa wengi huruka mpaka 1967 na kuacha zaidi ya nusu ya mataji.

Kabla ya 1933 hapakuwa na fainali. Bingwa alipatikana kwa msimamo, na msimamo haukuwa wa pointi. Uligawanya ushindi kwa jumla ya ushindi na kufungwa, sare zikatupwa kabisa. Kanuni hiyo ya kutupa sare ilidumu mpaka 1972, sare ilipoanza kuhesabiwa nusu ushindi na nusu kufungwa. Timu wakati huo hazikucheza idadi sawa ya mechi, jambo linaloufanya mgawanyo huo uwe na maana kubwa zaidi.

Packers walitwaa 1929, 1930 na 1931 kwa njia hii. Mwaka 1929 hauna shida: 12-0-1, hawakufungwa. Tazama 1930. Packers walimaliza 10-3-1, New York Giants 13-4. Gawanya 10 kwa 13, unapata 0.769. Gawanya 13 kwa 17, unapata 0.765. Packers bingwa kwa tofauti ya kama sehemu nne za elfu. Sasa hesabu kwa kanuni ya leo: Packers wana 10.5 kwa 14, yaani 0.750, na Giants wanabaki na 0.765. Taji linahama. Ukithubutu kutumia pointi tatu za soka, Giants wana 39 na Packers 31.

Mashabiki wa Giants wasikimbilie kudai, maana 1932 hesabu iligeuka dhidi ya Packers. Mwaka huo Packers walikuwa 10-3-1 tena, ushindi mwingi kuliko timu yoyote. Chicago Bears walikuwa 6-1-6 na Portsmouth Spartans 6-1-4. Kwa kutupa sare, Bears na Spartans wote wana 6 kwa 7, yaani 0.857, na Packers 0.769. Ikapangwa mechi ya ziada kati ya wawili hao tarehe 18 Desemba, ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium kwa sababu ya theluji na baridi, kwenye uwanja uliofupishwa. Bears walishinda 9-0. Mechi hiyo iliingizwa kwenye msimamo, kwa hiyo Spartans waliangukia 6-2-4, yaani 0.750, na kushika nafasi ya tatu nyuma ya Packers ambao hawakuwapo ukumbini. Kwa kanuni ya leo Packers wangekuwa na 0.750, Bears 0.714, na taji la mwaka huo lingekuwa lao.

Usisahihishe historia kwa hesabu hiyo. Bingwa wa 1930 ni Packers, bingwa wa 1932 ni Bears, basi. Hesabu ya leo iweke kwenye safu ya maelezo, na ukiitumia kwenye makala useme wazi kwamba ni zoezi. Mchezo ule wa ukumbini ndio uliosukuma ligi kugawa timu katika makundi mawili na kuanzisha fainali rasmi kuanzia 1933.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Fainali za 1936 (21-6 dhidi ya Boston Redskins), 1939 (27-0 dhidi ya New York Giants) na 1944 (14-7 dhidi ya Giants) zilikuwa za kocha Earl "Curly" Lambeau. Zile za 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967 ni za Vince Lombardi. Mike Holmgren ana 1996, Mike McCarthy 2010. Fainali ya 1936 ilichezwa New York, wala si Boston: mmiliki wa Redskins alikwisha kuchoshwa na uhaba wa watazamaji.

Na 15 inatoka wapi? Mtu huhesabu mataji 11 ya NFL mpaka 1967, kisha anaongeza Super Bowl nne. Misimu ya 1966 na 1967 inakuwa imehesabiwa mara mbili, kwa sababu enzi hizo bingwa wa NFL alicheza na bingwa wa AFL, ligi nyingine kabisa iliyoungana na NFL mwaka 1970.

Mechi zisizohesabiwa

Timu ilianzishwa Agosti 1919 na Lambeau pamoja na mwandishi wa habari George Calhoun. Kampuni ya nyama ya Indian Packing Company, mwajiri wa Lambeau, ilitoa dola 500 za jezi na vifaa, na jina likatokana nayo. Ligi waliingia 1921, na ligi yenyewe ikaanza kuitwa NFL 1922. Msimu wa 1919 (10-1) na 1920 (9-1-1) ni historia ya timu lakini si rekodi ya NFL. Ndiyo maana Lambeau anatajwa kwa ushindi 209 wa msimu wa kawaida na Packers. Ukimkuta na namba kubwa zaidi, uliza kama zimeongezwa zile 19 za mwanzo, mechi za fainali, au timu alizofundisha baadaye.

Mtego wa pili ni wa enzi ya Lombardi. Rekodi yake ya mtoano na Packers ni 9-1, na kipigo pekee ni fainali ya 1960, 17-13 dhidi ya Philadelphia Eagles. Anayepekua ratiba ataona kipigo kingine cha Januari 1965 dhidi ya St. Louis Cardinals na kudhani amegundua kosa. Ile ilikuwa mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, na ligi inaihesabu kuwa ya kirafiki. Ushindi dhidi ya Cleveland Browns Januari 1964 ni vivyo hivyo. Safu ya "aina ya mechi" ipo kwa ajili ya haya.

Msimu wa 1982 ulikuwa na mechi 9 tu kwa sababu ya mgomo wa wachezaji. Ule wa 1987 ulikuwa na 15, na baadhi zilichezwa na wachezaji wa muda, nazo zinahesabiwa rasmi.

Nani anamiliki

Sentensi "timu inamilikiwa na mji wa Green Bay" ifute kila unapoikuta. Uwanja ndio mali ya mji. Timu ni shirika lisilo la faida lenye wanahisa zaidi ya laki tano. Hisa zimeuzwa mara sita: 1923 kwa dola 5, 1935 baada ya shirika la kwanza kuingia chini ya mrasimu (msimamizi wa mali aliyewekwa na mahakama), 1950 kwa dola 25, 1997 kwa dola 200, 2011 kwa dola 250 na 2021 kwa dola 300. Mauzo matatu ya mwisho yaliendelea mpaka mwanzo wa mwaka uliofuata, kwa hiyo utaona pia 1998, 2012 na 2022. Makala za zamani zinasema "mara tano", na zilikuwa sahihi zilipoandikwa.

Eleza mara moja hisa hizo zina kazi gani, la sivyo msomaji atafikiria soko la hisa. Hazitoi gawio, haziuzwi kwa mtu baki, hazikupi tiketi. Mwanahisa anapiga kura na ana karatasi ya kutundika ukutani. Kanuni za ligi leo haziruhusu umiliki wa aina hii. Packers waliachiwa kwa kuwa walikuwa nao tayari. Usilinganishe bei ya 1950 na ya 1997 moja kwa moja, kwa sababu katikati yake hisa moja ya zamani iligawanywa ikawa 1,000.

Uwanja upi

City Stadium ni mbili. Ya zamani ilitumika 1925 mpaka 1956. Mpya ilifunguliwa tarehe 29 Septemba 1957 kwa ushindi wa 21-17 dhidi ya Chicago Bears, ikaitwa City Stadium pia, kisha ikapewa jina la Lambeau Field mwaka 1965 baada ya Lambeau kufariki. Hivyo fainali ya msimu wa 1961 (37-0 dhidi ya Giants) ilikuwa City Stadium, na ya msimu wa 1965 (23-12 dhidi ya Browns, tarehe 2 Januari 1966) ilikuwa Lambeau Field. Ni pale pale.

Halafu kuna Milwaukee. Kuanzia 1933 mpaka 1994 Packers walicheza sehemu ya mechi zao za nyumbani huko, kwanza Borchert Field, kisha State Fair Park, Marquette Stadium na mwisho County Stadium. Fainali ya 1939 ilikuwa State Fair Park. Ukiona "nyumbani", usijaze Green Bay kwa mazoea; hakiki kila mechi.

Miaka iliyorukwa

Makala nyingi hutoka kwa Lombardi hadi kwa kotabeki Brett Favre kana kwamba hapakuwa na kitu. Ni misimu 24, 1968 mpaka 1991, chini ya Phil Bengtson, Dan Devine, Bart Starr, Forrest Gregg na Lindy Infante. Walifika mtoano mara mbili tu, 1972 na 1982. Ipe angalau aya moja yenye sababu. Sababu inayoshikika zaidi ni ya Oktoba 1974: Devine aliwapa Los Angeles Rams chaguzi tano za drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) za 1975 na 1976, mbili zikiwa za raundi ya kwanza, ili ampate kotabeki John Hadl aliyekuwa na miaka 34. Starr alipochukua ukocha 1975 alikuta ghala tupu. Rekodi yake ya ukocha, 52-76-3, isomwe na hilo akilini, na kamwe isichanganywe na rekodi yake ya kucheza (1956 mpaka 1971).

Kulinganisha wachezaji

Mdakaji wa Packers Don Hutson alifunga tachidauni 17 za kudaka mwaka 1942, kwa mechi 11. Msimu ulikuwa na mechi 14 kuanzia 1961, 16 kuanzia 1978, na 17 kuanzia 2021. Andika wastani kwa mechi, ishie hapo. Kuzidisha hadi mechi 17 kunatoa 26, namba ambayo hakuna aliyeiona uwanjani, na 1942 ulikuwa mwaka wa vita ambapo wachezaji wengi walikuwa jeshini.

Starr alichaguliwa wa 200 katika drafti ya 1956, raundi ya 17. Drafti ya leo ina raundi saba. Ukiacha raundi bila maelezo, msomaji kijana atadhani ni kosa la chapa. Idadi ya kuwaangusha makotabeki imehesabiwa rasmi tangu 1982 tu, kwa hiyo mlinzi Willie Davis wa miaka ya 1960 hawezi kuwekwa kwenye orodha moja na mlinzi wa baadaye Reggie White. Yadi ziache ziwe yadi. Ukizigeuza mita, mtu hawezi tena kuhakiki.

Gazeti gani la kuamini

Kwa miaka ya mwanzo utategemea sana Green Bay Press-Gazette. Kumbuka kwamba Calhoun alikuwa mwandishi wake huku akiitangaza timu, na Andrew Turnbull, mchapishaji wa gazeti, ndiye alikuwa rais wa kwanza wa shirika la 1923. Kwa matokeo na tarehe gazeti hilo ni zuri. Kwa ugomvi wa fedha na waamuzi, tafuta gazeti la mji wa mpinzani pia. Kuhusu 1922, Lambeau aliporudishiwa nafasi kwenye ligi baada ya timu kuadhibiwa kwa kuchezesha wanafunzi wa chuo kwa majina bandia, masimulizi ni mengi kuliko nyaraka. Andika tukio, acha mazungumzo yanayonukuliwa.

Kabla ya kuchapisha

Jumlisha mataji kwa kocha: 6 ya Lambeau, 5 ya Lombardi, 1 ya Holmgren, 1 ya McCarthy. Isipofika 13, rudi kwenye 1966 na 1967. Pitisha kila Super Bowl kwenye ile hesabu ya 1965. Jumlisha ushindi, kufungwa na sare za kila msimu uone kama zinalingana na idadi ya mechi za wakati huo. Rekodi zinazoendelea kubadilika, kama jumla ya ushindi wa timu au mechi za kocha wa sasa, ziandikie "hadi mwisho wa msimu wa" na mwaka, ndani ya sentensi yenyewe, kwa sababu tarehe ya juu ya makala hupotea mtu anaponakili aya moja.